Kuifufua Amri ya Jana

Miongoni mwa watu wanaozungumza na kompyuta kwa kuiandikia amri katika terminali badala ya kubofya picha, ambao aghalabu ni watunzaji wa seva, wanafunzi wa elimu ya kompyuta na watafiti wenye takwimu nyingi, hakuna haja inayojirudia kila siku kama ile ya kuitoa tena amri iliyokwisha kutolewa jana au juzi, amri ndefu, yenye majina ya mafaili na alama za kila namna, ambayo mwenyewe aliitunga kwa taabu wala hana hamu ya kuitunga mara ya pili. Programu ya Bash, inayozipokea na kuzitekeleza amri hizo, aliyoiandika Brian Fox na kutolewa kwa umma mwaka 1989, humkidhia mtu haja hiyo kwa wepesi wa ajabu: akishikilia Ctrl akabonyeza R, kisha akaanza kuandika kipande chochote anachokikumbuka cha amri ile, amri ya karibuni kabisa yenye kipande hicho hujitokeza mbele yake kabla hajamaliza kuandika, na kila herufi anayoiongeza huweza kuibadilisha amri inayoonyeshwa. Waliozoea huduma hii huitumia pasi na kuifikiria. Mimi nataka kuieleza inavyotengenezwa, na kubainisha ya kwamba mafundi wanaoijenga kwa mara ya kwanza huelekeza ghera yao kwenye kutafuta, ambako kazi ni nyepesi, wakasahau kitufe cha kufuta, ambacho ndicho chenye mashaka.

Fikra yenyewe ni kongwe kuliko Bash. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Bill Joy wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley aliandika C shell, iliyokuwa ikiziweka amri zilizopita na kumruhusu mtumiaji kuziita kwa alama ya mshangao: mshangao mara mbili hurudia amri ya mwisho, na mshangao ukifuatwa na herufi huita amri ya karibuni iliyoanza kwa herufi hizo. Njia hiyo ilikuwa na kasi, lakini ilimtaka mtu aamini kabla ya kuona, kwani amri iliitwa na kutekelezwa kwa pamoja, na aliyeandika !rm akitumaini kufuta faili moja la takataka aliweza kugundua, tendo likiwa limekwisha tendeka, ya kwamba rm yake ya mwisho ilikuwa ya folda nzima. Huko Massachusetts nako, katika Taasisi ya Teknolojia, kulikuwa na kihariri cha Emacs, kilichoanza mwaka 1976, na watumiaji wake walizoea kutafuta neno ndani ya maandishi huku matokeo yakionekana tangu herufi ya kwanza. Readline, maktaba ya programu iliyozaliwa pamoja na Bash, na ambayo Chet Ramey wa Chuo Kikuu cha Case Western Reserve ameitunza kwa miongo mingi, iliyaunganisha mawili hayo, kumbukumbu na jicho, na kwa kuwa ni maktaba, programu nyingine pia huitumia, mathalani psql ya hifadhidata ya PostgreSQL.

Sharti la kwanza la ujenzi ni kuipata herufi wakati ule ule inapobonyezwa, na hilo halipatikani hivi hivi. Kwa kaida, kiini cha mfumo endeshi wa Unix hukaa kati ya kibodi na programu kama karani, hupokea herufi, huzionyesha kwenye skrini, humsamehe mwandishi makosa yake anapofuta, na hukabidhi mstari mzima pale tu anapobonyeza Enter. Karani huyo ni hazina kwa programu isiyotaka makuu, lakini kwa kazi yetu hana budi kuondolewa, nayo programu humwondoa kwa kuzima sifa mbili za terminali, ICANON inayokusanya mstari na ECHO inayoonyesha kilichoandikwa, ikajitwika yenyewe dhamana yote ya kuonyesha na kufuta. Tangu hapo kila kibonye hufika peke yake kwa sura ya namba. Ctrl-R hufika ikiwa 18, kwa sababu R ni herufi ya kumi na nane ya alfabeti, na Ctrl-G ni 7 kwa hesabu hiyo hiyo.

Hesabu hiyo ndiyo iliyoleta taksiri inayowafadhaisha watu hadi leo. Ikiwa Ctrl-R ni ya kutafuta kwenda nyuma, basi Ctrl-S, namba 19, ndiyo ya kutafuta kwenda mbele. Lakini namba 19 ilikwisha pewa kazi nyingine tangu zama za mashine za kuchapa kwa simu, kama vile Teletype Model 33 ya mwaka 1963, ambako 19 ilisimamisha kisomeo cha utepe wa karatasi na 17 ikakiendesha tena. Utepe umekwenda zake, amri imebaki. Mtumiaji aliyeipita amri aliyoitaka hubonyeza Ctrl-S arudi mbele kidogo, skrini ikaganda, akadhani mashine imekufa, akafunga dirisha pamoja na kazi yote iliyokuwamo, hali Ctrl-Q ingemfungulia mara moja. Anayetaka kuikomboa Ctrl-S huandika stty -ixon katika faili la mipangilio yake; na fundi anayejenga programu yake mwenyewe afadhali aizime IXON, sifa ya terminali inayoipa Ctrl-S kazi hiyo ya kusimamisha, pamoja na zile sifa mbili, minghairi ya kumwachia mtumiaji aivumbue.

Baada ya hapo, yanayohitajika ni machache: safu ya amri zilizopita, namba ya mahali tuliposimama ndani yake, kipande kinachotafutwa, mwelekeo, na nakala ya mstari aliokuwa akiuandika mtu kabla hajaanza kutafuta. Tuseme safu ina amri tano, kuanzia ya zamani hadi ya sasa:

1. tar czf nakala.tgz hesabu
2. cd hesabu
3. cp mshahara.txt hesabu
4. ls hesabu
5. tail mshahara.txt

Mtu anabonyeza Ctrl-R, anaandika t. Programu inaanza na mstari wa 5, inakuta t, inasimama. Anaongeza a, kipande kinakuwa ta, na mstari wa 5 bado unafaa kwa sababu ya tail, basi hakuna kinachosogea. Anaongeza r. Mstari wa 5 hauna tar, wa 4 hauna, wa 3 na wa 2 hali kadhalika, na programu inatua kwenye wa 1. Angalia kwamba kila herufi ilipoongezwa, utafutaji uliendelea kutoka pale pale uliposimama, pamoja na mstari wenyewe uliosimamiwa, wala haukurejea mwanzo. Na yafaa kuuliza kwa nini hilo ni sawa, lisije likawa limeruka jibu. Jawabu ni kwamba mstari wowote wenye tar hauna budi kuwa na ta ndani yake, na mstari wenye ta hauna budi kuwa na t. Kwa hiyo mistari iliyokwisha kataliwa kwa kukosa kipande kifupi haiwezi kuja kukubaliwa kwa kipande kirefu. Kuongeza herufi hupunguza wateule, hakuongezi hata mmoja, na ndiyo maana programu ina haki ya kutotazama nyuma yake.

Sasa mtu huyo anafuta ile r. Kipande kinarudi kuwa ta, na ile haki niliyoitaja inabatilika, kwani kufupisha kipande huwarudisha wateule waliokuwa wamekataliwa. Fundi asiyetafakari huikata herufi ya mwisho na kuiacha programu iliposimama, na kwa kuwa mstari wa 1 nao una ta, hakuna kosa linalojitangaza. Ila mtumiaji, ambaye muda mfupi uliopita alikuwa akitazama tail kwa kipande hicho hicho, sasa anatazama tar, na herufi zile zile mbili zimempa majibu mawili tofauti. Wengine hutibu kwa kuanza upya kutoka mstari wa mwisho kila inapofutwa herufi, na katika mfano wetu wangefika 5 kwa usalama. Lakini lau mtu angekuwa amebonyeza Ctrl-R mara kadhaa njiani ili kuvuka amri asizozitaka, dawa hiyo ingemtupa mbali, ikazitangua hatua zote hizo kwa ajili ya herufi moja iliyokosewa.

Tiba ya yakini ni rundo la hali. Kila kibonye kinapobadilisha chochote, iwe ni herufi mpya au Ctrl-R ya kusogea, programu huandika hali nzima ya wakati ule, yaani mahali, urefu wa kipande, mwelekeo, na kama kilipatikana au la, ikaiweka juu ya nyingine, kama masinia yanavyopangwa baada ya karamu, lililowekwa mwisho likawa la kwanza kuondolewa. Kufuta ni kuondoa moja la juu na kurejea hali iliyo chini yake, bila kutafuta chochote. Emacs hufanya hivyo. Readline, pamoja na umri na heshima yake, imeishi muda mrefu na ile njia ya kukata herufi tu, na ndani ya faili lake la isearch.c mna maelezo ya waandishi wenyewe yanayokiri ya kwamba njia sahihi ingekuwa kuweka rundo la mahali palipopitiwa. Maungamo hayo mimi nayapenda.

Kuhusu kasi, nitasema machache kwa kuwa machache yanatosha. Bash kwa desturi huhifadhi amri 500. Hata aliyeiongeza idadi hiyo hadi 10,000, kila amri ikiwa na herufi 60, ana herufi 600,000 za kupitia, jambo ambalo kompyuta yoyote ya leo hulimaliza kabla kidole hakijainuka kwenye kibonye. Kujenga faharasa kwa ajili hiyo ni anasa. Wasaa huo utumiwe katika kuwaruka mapacha: mtu akibonyeza Ctrl-R tena, programu ianze mstari mmoja nyuma, na ikikuta amri iliyo sawasawa na ile inayoonyeshwa iipite, la sivyo aliyeandika ls mara ishirini mfululizo atabonyeza mara kumi na tisa bila ya skrini kubadilika.

Uchoraji wa skrini una hila zake. Kwa mstari mfupi, programu hurudi mwanzo wa mstari, huandika tangazo la utafutaji, kipande na amri iliyopatikana, kisha hufuta mabaki ya kulia kwa mfuatano wa Escape, bano la mraba la kufungua na K. Na yote hayo hutumwa kwa mkupuo mmoja ili macho yasione mmemeto. Fauka ya hayo kuna suala la baiti. Katika UTF-8 herufi za Kilatini tunazoandikia Kiswahili huchukua baiti moja moja, lakini aliyeyapa mafaili yake majina kwa hati za Kiarabu, walivyoandika wazee wa pwani, ana herufi za baiti mbili mbili, na programu inayofuta baiti badala ya herufi itamwachia nusu ya herufi, isiyosomeka wala kutafutika.

Kutoka katika utafutaji kuna milango kadhaa. Enter huitekeleza amri iliyopatikana. Ctrl-G huitupa na kumrudishia mtu mstari wake wa awali kama ulivyokuwa. Escape humwachia amri aihariri. Hapo Escape huleta tashwishi, kwa sababu vibonye vya mishale navyo huanza na namba ile ile, 27, na programu haina namna ya kujua kama imepokea Escape kamili au mwanzo wa mshale ila kwa kungoja kidogo ione kama kuna kinachofuata. Readline hungoja milisekunde 500 isipoelekezwa vingine.

Mlango wowote utumiwao, hata ule wa programu kuanguka ghafla, yule karani aliyeondolewa mwanzoni arudishwe kazini, la sivyo mtu atajikuta katika terminali isiyoonyesha anachokiandika. Aliyepatwa na hali hiyo huandika stty sane bila ya kuziona herufi zake, na mwisho wake hubonyeza Ctrl-J badala ya Enter, kwa kuwa terminali iliyoachwa katika hali hiyo huenda isiitambue Enter kuwa ni mwisho wa mstari.