Zabibu Zilizooza Zinauzwa Ghali Ujerumani. Na Mbata Yako?

Juzi kijana mmoja wa Baleni alinijia simu mkononi. "Shikamoo bwana shamba. Kumbe kuna Wazungu wanatengeneza mvinyo kwa zabibu zilizooza, tena ghali! Sasa mbona sisi mbata ikiota ukungu unatufokea?" Nikacheka. Lakini nyuma ya nyumba alikuwa na magunia matano ya mbata iliyonyeshewa, na marejesho ya mkopo wa pikipiki yalikuwa yanamsubiri.

Mvinyo mimi sinywi, kama wengi hapa kisiwani. Ila alichosoma ni kweli. Kule Ujerumani na Austria kuna kuvu iitwayo Botrytis cinerea. Inatoboa ganda la zabibu iliyoiva, maji yanatoka polepole, sukari inabaki. Punje inasinyaa kama zabibu kavu. Daraja la juu wanaliita Trockenbeerenauslese: punje zilizosinyaa, zikachaguliwa moja moja kwa mkono. Wavunaji wanarudi shamba lile lile mara kadhaa, na kuna miaka hawapati kitu. Hiyo ndiyo bei unayoiona.

Kiswahili chetu kinatuchanganya kidogo, maana vyote ni ukungu. Mji wa Rust, Austria, uko kando ya ziwa Neusiedl, ambalo kina chake hakifiki mita 2. Asubuhi ukungu wa ziwani unalowesha zabibu, kuvu inaota. Mchana jua na upepo vinakausha. Jua la mchana likikosekana, kuvu hiyo hiyo inakuwa uozo wa kijivu, na shamba limekwenda. Hata wenzetu wa Dodoma, wanaovuna zabibu mara mbili kwa mwaka, mvua ikiwakuta zimeiva wanalia. Sembuse Mafia na unyevu wetu!

Mbata ni kesi nyingine kabisa. Ule ukungu wa kijani-njano mara nyingi ni Aspergillus flavus, unaotoa sumukuvu. Huiondoi kwa kuanika upya wala kwa kupika, na inaharibu ini. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyo. Kwa hiyo pasua nazi iliyokomaa, anika siku hiyo hiyo juu ya kichanja au turubai, siyo chini, na funika usiku. Ikauke hadi unyevu ubaki kama asilimia 6. Ukiikunja ikatike, isipinde.

"Basi nikichanganya kidogo na ile nzuri?" akauliza kwa sauti ya chini. Hapo ndipo nilipomsimulia ya 1985. Iligundulika kuwa wafanyabiashara kadhaa wa Austria waliweka kwenye mvinyo kemikali ya jamii ya glaikoli ili uonekane mtamu na mzito kama ule wa zabibu zilizosinyaa. Nchi nyingi zikauondoa mvinyo wa Austria madukani, hadi wa mkulima ambaye hakuweka hata tone. Serikali ikatunga sheria kali mpya mwaka huo huo, lakini wanunuzi walichukua miaka kurudi.

Akanyamaza, kisha akaleta turubai. Tulichambua hadi magharibi. Magunia matatu yalipona. Mawili tuliyafukia, na kesho yake akaenda kuomba asogezewe tarehe ya mkopo.