Juu ya nini mafundi wanatengeneza moteri mpya za intaneti?

Reso iko, mega ziko, lakini ukurasa unabaki mweupe. Hapa Mutshatsha, sawa na kule Kolwezi, wengi wanalaumu reso tu. Lakini mara ingine shida iko ndani ya telefone: moteri ya programu ya intaneti imezeeka, ao ukurasa haukutengenezwa juu yake.

Moteri ni nini?

Ukifungua ukurasa, kile kinachofika mu telefone si picha iliyo tayari. Ni maandishi ya maagizo: kichwa hapa, rangi hii, picha pale. Moteri njo inasoma maagizo hayo na kuchora ukurasa. Chrome ni kama karoseri ya motokari. Moteri yake inaitwa Blink. Edge, Opera na Brave ziko na karoseri zao, lakini chini ni Blink ile ile. Moteri zingine kubwa zimebaki mbili: WebKit ya Apple, na Gecko ya Mozilla yenye kuendesha Firefox.

Zamani zilikuwa mingi. Opera iliacha moteri yake, Presto, mwaka 2013. Microsoft ilitangaza mwaka 2018 kwamba inaacha yake pia, juu kazi ni nzito: mamilioni ya mistari ya kode, na intaneti haiachi kubadilika.

Sasa juu ya nini kuanza tena?

Ya kwanza ni uhuru. Google njo yenye nguvu zaidi juu ya Blink. Wenye kutengeneza kurasa wakijaribu kwa Chrome peke yake, wengine wanaumia. Telefone ndogo za kubonyeza za KaiOS, zilizouzwa Afrika, zinatumia Gecko: ukurasa wa namna hiyo unaweza kukataa kwao.

Ya pili ni usalama na mbio. Mwaka 2012 Mozilla ilianza Servo, kwa luga ya Rust, yenye kuzuia makosa ya memwari ambayo wezi wanapitia. Servo inagawa kazi kama wachimbaji: mmoja anachimba, mwingine anavuta mifuko, mwingine anaosha, wote saa moja. Mwaka 2020 Mozilla iliachisha timu hiyo kazi, lakini mradi unaendelea chini ya Linux Foundation Europe.

Ya tatu ni makuta. Ladybird ya Andreas Kling, fundi aliyetumika zamani Apple, tangu 2024 iko chini ya shirika lisilotafuta faida. Inaishi kwa michango, si kwa matangazo.

Na sisi?

Kobalti ya Lualaba inaingia mu batri za telefone za dunia nzima, lakini namna telefone hizo zinafungua intaneti inaamuliwa mbali. Moteri zikiwa mingi, ukurasa unapaswa kufuata kanuni za wote, na telefone ya bei ndogo haiachwe nyuma.

Kwa leo: ukipata Wi-Fi, ongeza programu yako upya. Ukurasa ukikataa kwa Chrome, jaribu Firefox. Mega zikiwa kidogo, Opera Mini inasaidia, juu mashini za Opera zinafupisha ukurasa mbele haujafika kwako. Lakini kwa mambo ya banki, usitumie namna yake ya kubana sana: ukurasa unapita kwanza kwa mashini hizo.