Likizo: Mtoto Yuko Msafarani?

 

Shule zimefungwa, na watoto wamerudi nyumbani na masanduku yao. Mwaka wetu wa masomo hapa Kenya una mihula mitatu, kwa hiyo likizo nazo ni tatu: ya Aprili, ya Agosti, na ile ndefu ya kumaliza mwaka, inayoendelea hadi Januari. Leo nataka tuulizane swali moja tu. Mtoto anaporudi nyumbani, je, anamkuta mzazi wake?

Fungueni Injili ya Luka, sura ya 2, kuanzia mstari wa 41. Yusufu na Mariamu walikuwa na desturi ya kwenda Yerusalemu kila mwaka kwa sikukuu ya Pasaka. Yesu alipokuwa na umri wa miaka 12 walikwenda pamoja naye. Wakati wa kurudi walisafiri katika kundi la jamaa na marafiki, wakaenda mwendo wa siku nzima kabla ya kutambua kwamba mtoto hayumo. Walimpata hekaluni baada ya siku tatu.

Angalieni, ndugu zangu, hawa hawakuwa wazazi wabaya. Walimpenda mtoto wao, tena walikuwa wakitoka ibadani. Shida yao ilikuwa kudhani tu kwamba yumo msafarani.

Sisi nasi twadhani. Baba hudhani kwamba mama amezungumza na kijana. Mama hudhani kwamba mwalimu amemwonya. Mwalimu hudhani kwamba kanisa limemfundisha, na kanisa hudhani kwamba mambo hayo husemwa nyumbani. Karo imelipwa, chakula kipo, lakini mtoto anatembea peke yake. Wala hatakosa wa kuzungumza naye. Kama si wewe, itakuwa ni simu usiku kucha, au vijana wanaoshinda pale dukani bila kazi.

Wako wazazi wanaodhani kwamba dawa ni kumtafutia mtoto masomo mengine ya kulipia. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza mafunzo ya likizo, kwa maana mtoto anahitaji kupumzika. Lakini kupumzika si kulala mchana kutwa. Basi afanye nini?

Kumbukumbu la Torati, sura ya 6, mstari wa 7, yatuonyesha nyakati nne za kuwafundisha watoto Neno la Mungu: tuketipo nyumbani, tutembeapo njiani, tulalapo na tuamkapo.

Tuketipo. Jamaa yote na ile chakula cha jioni pamoja, televisheni imezimwa, na simu zimewekwa kando, ya baba ikiwa ya kwanza. Mwulize mtoto habari za rafiki zake na hofu zake kabla ya kumwuliza habari za alama zake. Kisha nyamaza, usikilize.

Tutembeapo. Nenda naye shambani, sokoni, kanisani. Ukiweza, mpeleke kwa babu na nyanya, ajue lugha yao na makaburi ya wazee wake. Katika Yoshua, sura ya 4, Waisraeli walisimamisha mawe 12 yaliyotolewa mtoni Yordani, ili watoto watakapouliza maana yake wasimuliwe matendo ya Bwana. Je, watoto wako wamesikia jinsi Mungu alivyoivusha jamaa yenu wakati wa njaa au wa ugonjwa?

Tulalapo. Someni mistari michache, kisha mmoja wa watoto aombe. Mkae kidogo baada ya maombi, maana hapo ndipo neno zito hutoka moyoni mwa mtoto.

Tuamkapo. Kila mmoja apewe kazi, mvulana na msichana sawasawa: kuteka maji, kukama ng'ombe, kupika uji, kuosha vyombo. Mfanye kazi pamoja naye, kwa sababu mtoto aliyefundishwa kazi kwa upendo hujiona mwenyeji katika nyumba yake, wala si mgeni.

Pengine unasema, "Mchungaji, likizo ya watoto si likizo yangu. Mimi naamka alfajiri kwenda kazini." Ni kweli. Lakini nyakati hizi nne hazihitaji ruhusa ya mwajiri wala fedha za kwenda Mombasa. Zimo tayari katika kila siku. Hata anayerudi jioni ana ile saa ya chakula na ya kulala.

Hebu tuhesabu. Mtoto wa miaka 12, ikiwa ataondoka nyumbani akiwa na miaka 18, umebakiwa naye na likizo 18 tu. Hii inayopita sasa ni moja kati ya hizo. Yusufu na Mariamu walipotambua, waligeuka wakarudi kumtafuta. Nasi tusingojee mwendo wa siku nyingine. Mtafute mwanao leo jioni.

Na tuombe. Ee Mungu Baba yetu, watoto hawa ni wako, nawe umetukabidhi. Tusamehe kwa kudhani kwetu. Utupe masikio ya kusikia na subira ya kufundisha, hata nyumba zetu ziwe mahali unapokaa wewe. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.