Kinachomaliza Betri ya Kihisi ni Redio

Januari 2004, pundamilia kadhaa wa Laikipia, Kenya, walivishwa kola zenye kipokezi cha GPS, redio ndogo, betri na paneli za sola. Mradi huo, ZebraNet, uliendeshwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, waliotaka kujua wanyama hao hutembea wapi usiku na mchana. Lakini nani atamkamata pundamilia kila mara ambadilishie betri?

Swali hilo linaikabili mitandao yote ya vihisi visivyotumia waya. Kupima joto au unyevu ni kazi nyepesi. Redio ndiyo mlaji: nishati ya kurusha biti moja ya data ingetosha kompyuta ya kihisi kufanya mamia ya hesabu, pengine maelfu. Hata ikiwa kimya ikisubiri ujumbe, redio iliyowashwa hula umeme karibu sawa na inayorusha. Tena umbali ukizidi mara mbili, hata mahali pa wazi, nguvu inayohitajika huzidi mara nne.

Kwa hiyo kola za Laikipia hazikulazimika kurusha data moja kwa moja hadi kwa watafiti. Zilirekodi mahali mnyama alipo kila baada ya dakika 8, na redio zikaamka kwa saa zilizopangwa. Pundamilia wakikaribiana, kola zilipeana kumbukumbu. Mtafiti aliyepita na gari akamkuta mmoja tu aliweza kuondoka na habari za wenzake ambao hakuwaona kabisa.

Kwa vihisi visivyohama kuna LEACH, mbinu iliyochapishwa mwaka 2000 na Wendi Heinzelman na wenzake wa MIT. Vihisi hujigawa makundi. Kiongozi wa kila kundi hukusanya vipimo, huvifupisha na kuutuma mbali ujumbe mmoja. Uongozi huzunguka kama zamu za sungusungu, la sivyo betri ya kiongozi ingekwisha kabla ya wengine.

Usingizi wa redio una gharama yake: habari huchelewa. Kwa unyevu wa udongo, saa moja si kitu. Kwa mto unaofurika ni uhai wa watu, hivyo kihisi cha mtoni lazima kiamshe redio papo hapo maji yanapovuka kiwango.

Ushirika wenu ukitaka kununua vihisi vya shambani, msiishie kuulizia ukubwa wa betri. Mwulizeni muuzaji redio huwaka mara ngapi kwa siku, na kwa muda gani.