Bega Lililovunjika na Vyuma vya Nje



Kila msimu ukikaribia huandika katika ukurasa huu juu ya majamvi, ngowe na kamba. Safari hii nataka tuzungumze juu ya bega, kwani bega ndilo mtaji wa mchumaji, na mkono usiopanda juu ya kichwa hauchumi karafuu. Wanachama waliopita ofisini hapa Mlandege wameuliza vile vyuma vinavyoonekana nje ya mkono wa mgonjwa ni vya kazi gani, na mmoja wao akasema hawezi kukubali mwanawe apigwe misumari kama mlango.

Mwenye shamba hahitaji kuambiwa ya kwamba tawi la mkarafuu hukatika ghafla, na mti mkubwa huweza kupita mita 10. Anayeanguka hutanguliza mkono au huangukia bega. Hapo huvunjika mtulinga, au mfupa wa mkono karibu na kichwa chake, pale unapokutana na kombe la bega.

Kabla ya khabari za hospitali, yako mambo ya pale pale chini ya mti. Mtu aliyeanguka kutoka juu huenda ameumia shingo au uti wa mgongo pia, basi asiinuliwe kwa kuvutwa makwapa. Alazwe juu ya ubao, kichwa na kiwiliwili viende pamoja, na mkono ufungwe kifuani kwa kanga vile vile ulivyokutwa. Mfupa ukiwa umetoboa ngozi, funikeni kwa kitambaa safi, wala msitie majivu wala dawa ya unga. Tena asikandwe wala asivutwe mkono kabla ya kupigwa picha. Sisemi haya kwa kuwadharau waganga wetu wa viungo, ambao wamewafaa wengi. Lakini kidole hakioni ndani ya nyama. Kiasi cha sentimita 5 hadi 7 chini ya ncha ya bega unapita mshipa wa fahamu unaouendesha msuli wa kuinulia mkono. Ukiumizwa huo, mfupa waweza kuunga vizuri na mkono usinyanyuke. Mgonjwa akisema ana ganzi ubavuni mwa bega, au kiganja kimekuwa baridi, mwambieni daktari mara moja.

Wengi waliovunjika bega hawapasuliwi. Huko Uingereza wagonjwa 250 ambao mfupa wa bega ulikuwa umevunjika na kuhama waligawanywa, wengine wakapasuliwa na wengine wakatungikwa mkono shingoni kwa kitambaa. Matokeo yalitolewa mwaka 2015: baada ya miaka miwili hapakuwa na tofauti kubwa baina yao. Lakini wengi wa wale walikuwa watu wazima wenye umri mkubwa. Kijana aliyeanguka mkarafuuni hesabu yake huenda ikawa nyingine.

Vyuma vya nje hutiwa khasa pale penye jeraha wazi, au mfupa uliopasuka vipande vipande, au mtu aliyeumia mahali pengi na daktari hataki kumweka muda mrefu mezani. Mgonjwa hupewa dawa ya usingizi. Daktari hutoboa matundu madogo, akatia skrubu ndefu katika kipande cha juu cha mfupa na nyingine katika kipande cha chini, akiuepuka ule mshipa. Vichwa vya skrubu hubaki nje ya ngozi, vikaungwa kwa fimbo ya chuma. Ni kama seremala afungavyo mbao kwa jiriwa mpaka gundi ishike. Daktari Albin Lambotte wa Ubelgiji alikwisha fanya kazi ya namna hii tangu mwaka 1902, kwa hivyo si jambo la kujaribiwa juu yetu.

Kwetu Tanzania, Taasisi ya Mifupa Muhimbili iliyoanzishwa mwaka 1996 ililinganisha vyuma vya nje na chuma cha ndani ya mfupa, kwa wagonjwa zaidi ya 200 waliovunjika muundi na kupata jeraha wazi. Khabari zake zilitoka mwaka 2020: kwa vifo na kupasuliwa tena hapakuwa na tofauti kubwa, ingawa waliotiwa chuma cha ndani mifupa yao ilinyooka zaidi. Huo ni mguu, si bega, lakini mwaona ya kwamba vyuma vya nje si kazi ya kubahatisha.

Aibu yake ni matundu. Yasiposafishwa kila siku kama alivyoagiza muuguzi hutoa usaha, na skrubu hulegea. Wengine huona haya wakavifunika vyuma kwa nguo chafu, au wakaomba fundi baiskeli avifungue kabla ya siku yake. Hiyo ni khatari kubwa. Vyuma hukaa wiki kadhaa, na wakati huo vidole na kiwiko vichezeshwe, kisha bega lenyewe kwa amri ya daktari, lisije likakakamaa. Sigara nayo huchelewesha mfupa kuunga.

Mchumaji huyo hatapanda tena msimu huo, na watoto wake watakula. ZSTC imekwisha toa fidia kwa watu walioanguka mikarafuuni, basi kila karatasi ya hospitali ihifadhiwe, na mwenye shamba aandike siku ya ajali, jina la shamba na mashahidi wawili. Nakala moja iletwe ofisini kwetu.