Fomu ya Biz Yako Inafukuza Kastoma? Cheki Hapa

Kama unachukua oda za kastoma kwa programu, hii ni yako. Fomu ikikubali namba za 07 pekee, msee wa 01 anaachwa nje, na hizo namba ziko Kenya tangu 2019. Ukilazimisha kila kisanduku kijazwe, mtu ataandika uongo ndio apite, na wewe unabaki na rekodi feki.

Fomu fiti hufuata majibu. Kastoma akichagua M-Pesa, iulize namba ya muamala. Akilipa keshi, hicho kisanduku kijifiche. Mwambie fundi njia za malipo azitoe kwa orodha unayoweza kubadilisha mwenyewe. Biz ikikua, fomu inakua nayo, na doh ya fundi inabaki mfukoni.