Maji Yarudiyo Nyuma

Mwaka wa 1933 palifanyika maonyesho makubwa katika mji wa Chicago, Marekani, na wageni wakaja toka pande zote za nchi ile. Wengi walilala katika hoteli mbili zilizoshiriki maji. Baadaye, wengine wakiwa wamekwisha rudi makwao, wakaanza kuugua tumbo la kuhara damu. Watu zaidi ya elfu moja walishikwa na ugonjwa huo, na 98 wakafa. Wachunguzi wakaona kwamba mabomba ya hoteli zile yalikuwa ya zamani na mabovu, na mahali pengine mabomba ya maji safi yameungana na ya maji machafu.

Lakini maji ya bomba huja mbele, yawezaje kurudi? Maji hayo huja kwa kusukumwa. Wazima moto wakivuta maji mengi, au bomba kubwa likipasuka njiani, msukumo hupungua, na bomba huanza kunyonya kama mtu anyonyavyo kinywaji kwa mrija. Ikiwa mpira wa maji umeachwa ndani ya ndoo ya kufulia, maji yale ya sabuni hufyonzwa, yakaingia katika maji ya kunywa ya nyumba nzima.

Kinga ya kwanza haina chuma wala kamani: ni hewa tupu. Mdomo wa bilula huwekwa juu ya ukingo wa chombo, mbali nao kiasi cha upana wa mdomo ule mara mbili, wala si chini ya inchi moja. Chombo kijapojaa na kufurika, maji hayaufikii mdomo. Hakuna kinga ipitayo hii, nayo ni rahisi kuliko zote. Ila watu huiharibu wenyewe kwa kuivika bilula mpira.

Pasipowezekana kuacha nafasi, hutiwa kilango ndani ya bomba. Maji yakienda mbele hukifungua. Yakitaka kurudi hukifunga. Lakini chembe ya mchanga yatosha kukizuia kisifunge sawasawa, kwa hiyo mara nyingi hutiwa viwili, kimoja nyuma ya chenzake.

Penye sumu au uchafu wa hatari, kama viwandani, baina ya vilango viwili huwekwa chumba chenye tundu chini yake. Vilango vikishindwa kufunga, tundu hufunguka lenyewe, maji yakamwagika sakafuni badala ya kurudi. Apitaye huyaona akadhani kifaa chote kimeharibika. Fundi hujua kwamba vilango ndivyo vibovu, na tundu limefanya kazi yake.